Sura ya 7: Kwa Nini Wanakata Miti Ili Kuiponya Nyika?

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyekua akisikia "kata mti, panda mti" lazima ashtuke akifika mashariki ya jimbo la Oregon, Marekani. Vijana waliovaa kofia ngumu wanapanda mlima na misumeno ya mnyororo mabegani. Wanaangusha miti mibichi mmoja baada ya mwingine na kuiacha ilale palepale ilipoangukia. Hawaibi magogo. Wamelipwa kwa fedha za uhifadhi, na mara nyingi mwenye ranchi ndiye aliyeomba waje. Miti yenyewe haikuletwa na mtu. Ni ya asili ya nchi hiyo, tena imejiotea.

Inakuwaje basi mhifadhi akate mti wa asili, kisha aseme ameponya mazingira?

Swali ni la haki. Jibu lake linaanzia kwenye kichaka kifupi cha rangi ya kijivu ambacho msafiri hukipita kwa saa nyingi bila kukitazama mara mbili.

## Kichaka kinachoibeba nyika

Kati ya milima ya Sierra Nevada na ile ya Rocky kuna nchi kubwa kavu iitwayo Great Basin: karibu Nevada nzima, sehemu kubwa ya Utah, na vipande vya Oregon, Idaho na California. Mito yake haifiki baharini. Huishia kwenye maziwa ya chumvi au hukaukia njiani. Mabondeni, mvua na theluji za mwaka mzima mara nyingi hazifikishi milimita 300, na sehemu kubwa hushuka wakati wa baridi. Kiangazi huwa kikavu.

Katika nchi hiyo, na katika majimbo jirani hadi Wyoming na Montana, hutawala kichaka ambacho Wamarekani hukiita sagebrush. Jina lake la kitaalamu ni Artemisia tridentata, na katika sura hii kitaitwa artemisia. Ukoo wake haupo mbali na msomaji wa Kiswahili. Ndugu yake wa Kichina, Artemisia annua, ndiye chanzo cha artemisinini, kiini cha dawa mseto ambayo mamilioni ya watu wa Afrika Mashariki wamemeza walipougua malaria. Ugunduzi wake ulimpatia mwanasayansi Tu Youyou Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Artemisia ya Marekani haitibu malaria, lakini ina ukali uleule wa harufu, hasa mvua inapokoma.

Kazi yake kubwa ni maji. Mizizi yake mirefu hufuata unyevu chini sana, na usiku hufanya jambo ambalo watafiti wa Utah walilithibitisha katika miaka ya 1980: huvuta maji kutoka tabaka za chini na kuyaachia katika udongo wa juu uliokauka, ambako mimea jirani nayo huyafikia. Wakati wa baridi matawi yake hunasa theluji inayopeperushwa na upepo, na theluji hiyo ikiyeyuka taratibu huingia ardhini badala ya kupotea. Chini ya kivuli chake huota nyasi za vishungi, yaani nyasi za kudumu zinazokua kwa mafungu yaliyoachana, na maua ya porini. Kati ya mafungu hayo udongo hufunikwa na ukoko hai wa viumbe vidogo vya jamii ya mwani na kuvu, unaoshika vumbi na kuziba nafasi ambazo magugu yangetaka kuingia.

Zaidi ya spishi 350 za mimea na wanyama zinaitegemea nyika hii. Yumo pronghorn, mnyama mwenye mbio anayefanana na swala. Yumo sungura mdogo kupita wote Amerika Kaskazini. Na yumo ndege aliyeisukuma serikali kuchukua hatua, ndege mkubwa wa jamii moja na kwale na kuku ambaye hapa ataitwa kwale wa artemisia. Majira ya machipuko madume wake hukusanyika alfajiri katika viwanja vya wazi, hujaza hewa mifuko miwili ya manjano kifuani, na kuringa mbele ya majike. Wakati wa baridi hula karibu majani ya artemisia peke yake, na bado anaweza kunenepa. Kichaka kikiondoka, ndege huyu hana chakula kingine cha kukimbilia.

Na kichaka kinaondoka. Karibu nusu ya nyika ya artemisia iliyokuwapo kabla ya walowezi wa Kizungu kufika imeshatoweka. Uchambuzi wa wanasayansi wa serikali uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya 2001 na 2020 nyika iliyo katika hali nzuri ilipungua au kuharibika kwa zaidi ya hekta 500,000 kila mwaka.

## Nyasi iliyokuja na ngano

Adui wa kwanza ni nyasi nyembamba isiyozidi goti, Bromus tectorum, ambayo hapa itaitwa bromu. Kwao ni Ulaya na Asia. Iliingia Marekani karne ya 19, ikichanganyika na mbegu za ngano na majani makavu ya kufungashia mizigo. Katika miaka ya 1890 ilikwishaonekana magharibi ya ndani, ikafuata reli na mifugo, na kufikia miaka ya 1930 ilikuwa imeenea karibu kote ilipo leo.

Ilikuta mlango uko wazi. Baada ya 1860 walowezi walijaza ng'ombe na kondoo wengi mno katika nyika ambayo nyasi zake hazikuzoea makundi makubwa ya wanyama wenye kwato. Nyati wa Marekani hawakuwa wengi upande huu wa milima. Nyasi za vishungi zikaliwa hadi shinani, ukoko wa udongo ukavunjwavunjwa. Sheria ya kudhibiti malisho katika ardhi ya umma ilipitishwa mwaka 1934, bromu ikiwa imeshajenga.

Nguvu ya bromu iko katika ratiba yake. Ni gugu vamizi, yaani mmea wa ugenini unaoenea wenyewe na kuwanyima wenyeji nafasi, tena ni mmea wa msimu mmoja. Huota vuli, hukuza mizizi wakati wa baridi nyasi za asili zikiwa zimelala, na machipuko yakifika hunywa maji ya juu kabla wenyeji hawajaamka, kama mgeni anayeamka usiku na kumaliza chakula cha nyumba. Mwezi wa Juni imeshamwaga mbegu na kukauka. Miezi yote ya joto na radi inabaki majani makavu, mepesi, yaliyoungana bila pengo.

Pengo ndilo lililokuwa kinga ya nyika. Zamani radi ilipowasha kichaka, moto ulikosa pa kukanyaga kati ya mafungu ya nyasi, ukafa mapema. Sehemu nyingi za mabondeni zilikaa miongo mingi, pengine karne, bila kuungua. Palipojaa bromu moto unaweza kurudi kila baada ya miaka 3 hadi 5. Nayo artemisia ikiungua haichipui tena kutoka shinani. Inabidi ianze upya kwa mbegu, na mbegu zake nyingi huanguka mita chache tu kutoka kwa mama yake. Kabla mche haujazaa, moto wa pili umefika. Bromu ndiyo inayofaidi, kwa kuwa mbegu zake zilizo udongoni huota katika majivu na kukuta maji yote ni yao.

Mwezi wa Julai 2018 moto ulioitwa Martin uliteketeza zaidi ya hekta 170,000 kaskazini mwa Nevada, moto mmoja mkubwa kuliko wowote uliowahi kurekodiwa katika jimbo hilo. Bromu iliyostawi kwa mvua nzuri ndiyo iliyoubeba. Ng'ombe waliungua pamoja na malisho na viwanja vya kwale.

Kwa ufupi: mabondeni kwenye joto na ukavu, nyika inakufa kwa sababu moto umezidi. Bromu huleta moto, moto huondoa artemisia, na nafasi inayobaki huchukuliwa na bromu.

## Juu mlimani, moto umepungua

Ukipanda mita mia kadhaa kisa kinageuka, na hapa ndipo vijana wenye misumeno wanapoingia.

Mti wanaoukata ni ndugu wa mtarakwa, ule ambao Watanzania wengi huuita mwangati na ambao hukua Shume na kwenye milima mingine ya kaskazini. Huu wa Oregon ni Juniperus occidentalis. Kwa maelfu ya miaka aliishi kwenye miamba na kingo za mawe ambako moto haukumfikia. Kule kwenye udongo mzuri moto wa mara kwa mara uliua miche yake na kuacha uwanja kwa artemisia na nyasi.

Kuanzia miaka ya 1860 na 1870 mambo manne yalikutana. Mifugo ilikula nyasi zilizokuwa zikibeba moto. Moto wa makusudi wa wenyeji, Wapaiute na Washoshone, ulikoma waliponyang'anywa ardhi. Baadaye serikali ikaanza kuzima hata moto wa radi. Na miongo ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ilikuwa na unyevu uliopendelea miche. Miti ikashuka kutoka miambani. Mashariki ya Oregon eneo lake limeongezeka takriban mara kumi tangu hapo.

Wataalamu huugawa uvamizi huo katika hatua tatu. Katika ya kwanza miti ipo, lakini vichaka na nyasi bado ndio wenye ardhi. Katika ya pili nguvu zinalingana. Katika ya tatu miti imetawala: artemisia chini yake ni mifupa ya kijivu, nyasi zimebaki chache, na udongo uliovuliwa nguo huchukuliwa na mvua kubwa za ghafla. Ardhi iliyofika hatua ya tatu ikiungua, huungua kwa joto kali, na kwa kuwa hakuna tena nyasi za asili za kuirudisha, bromu hupanda kutoka bondeni na kuichukua. Hapo maadui wawili hukutana.

Hivyo ndivyo artemisia inavyominywa, chini na moto mwingi, juu na moto mchache. Hili ndilo jambo gumu kulieleza kwa mpiga kura au mlipa kodi, na ndilo la muhimu kuliko yote katika sura hii. Hakuna dawa moja ya nyika nzima. Kinachoponya mteremko mmoja kinaweza kuuangamiza mwingine ulio umbali wa saa moja kwa gari.

Kwale wa artemisia hasubiri msitu ufungane ndipo aondoke. Utafiti uliofanyika Oregon ulionyesha kwamba miti ikifunika asilimia 4 tu ya ardhi, viwanja vyake vya kuringia hubaki vitupu. Mti mmoja mrefu katika uwanda wa vichaka ni mnara wa mwewe na kunguru wanaowinda mayai na vifaranga.

## Msumeno unapofaa

Mwaka 2010 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilianzisha mpango wa kuwalipa wafugaji wanaoboresha makazi ya kwale katika ranchi zao. Motisha ilikuwa wazi. Ndege huyo, ambaye idadi yake leo hukadiriwa kati ya 200,000 na 500,000, alikuwa njiani kuingizwa katika orodha ya viumbe walio hatarini, na orodha hiyo huja na masharti mazito juu ya malisho, visima vya mafuta na barabara. Wafugaji wengi waliona afadhali wakate miti. Nyasi zingerudi kwa ng'ombe na ndege angebaki. Septemba 2015 serikali iliamua kutomwingiza kwenye orodha, kwa hoja kwamba mipango mipya ya ardhi na kazi hii ya hiari vilikuwa vimepunguza hatari.

Je, ilifaa? Karibu na mji wa Lakeview, kusini mwa Oregon, watafiti waliwafunga majike vifaa vya kufuatilia nyendo kabla na baada ya miti kuondolewa katika maelfu ya hekta. Majike walihamia sehemu zilizosafishwa, wakataga huko, na wengi zaidi wakaishi. Ukuaji wa idadi ya ndege ulikuwa juu kwa takriban asilimia 12 ukilinganishwa na eneo jirani ambalo halikuguswa. Kwa ndege anayepungua karibu kila mahali, hiyo ni habari kubwa.

Kuna pia habari ya maji. Camp Creek, katikati ya Oregon, Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon kimekuwa kikipima mabonde mawili madogo jirani tangu mwaka 1993. Mwaka 2005 na 2006 miti michanga ilikatwa katika bonde moja, la pili likaachwa kama lilivyo. Chemchemi ya bonde lililokatwa iliongeza maji mwishoni mwa msimu, wakati ambapo mfugaji anayahitaji kuliko wakati wowote.

Haikatwi miti yote. Mzee wa miambani, mwenye kichwa cha mviringo na gome lenye mifereji mirefu, huachwa. Baadhi yao wana zaidi ya miaka 1,000. Anayeanguka ni kijana wa kichwa kilichochongoka, aliyeota baada ya mifugo kufika. Matawi nayo yakichomwa, huchomwa wakati wa baridi udongo ukiwa umeganda au umelowa, ili joto lisiue mizizi ya nyasi. Wanaoharakisha na kuchoma kiangazi mara nyingi huvuna bromu.

## Kung'oa ni nusu ya kazi

Bondeni msumeno hauna kazi. Huko silaha ni dawa ya kuua magugu, na uchaguzi wake unahitaji uangalifu. Imazapiki, iliyotumika kwa miaka mingi, huizuia bromu kwa mwaka mmoja au miwili. Indaziflamu, iliyoruhusiwa kwenye malisho mwaka 2020, hukaa ardhini kwa miaka kadhaa ikiua mizizi michanga ya mbegu inayoota, na muda huo unatosha kumaliza sehemu kubwa ya akiba ya mbegu za bromu udongoni. Lakini haichagui mbegu. Mbegu ya asili itakayopandwa hapo nayo itakufa. Inafaa tu mahali ambapo nyasi za kudumu bado zipo zikingoja nafasi, zikiwa na mizizi iliyokwishashuka chini ya tabaka lenye dawa.

Palipobaki bromu tupu lazima kupandwe, na kupanda katika nchi ya milimita 250 za mvua ni kazi inayovunja moyo. Mbegu ya artemisia ni ndogo mno; kilo moja ya mbegu safi ina mamilioni. Huvunwa Novemba na Desemba, hupoteza uhai haraka ghalani, na haitaki kufukiwa chini. Tena kila eneo lina aina yake: artemisia ya milimani ikipandwa bondeni hufa kwa kiu. Mwaka mbaya wa moto huweza kumaliza maghala ya serikali, likiwemo kubwa la Boise, Idaho, na maofisa wakajikuta wanapanda walichonacho badala ya kile ardhi inachohitaji.

Ndivyo ilivyokuwa kwa nyasi ya ngano-pori kutoka Urusi, iliyopandwa katika eneo kubwa sana katikati ya karne ya 20. Huota kwa urahisi, huvumilia ng'ombe na kuibana bromu. Huibana pia artemisia. Wako mameneja wanaoitetea hadi leo kama daraja la kuvukia. Ukweli ni kwamba sehemu nyingi ilipopandwa bado imetawala ileile, miaka 60 baadaye.

Watafiti wa Burns, Oregon, wanajaribu njia ya katikati: hufunga mbegu za asili ndani ya vidonge vyenye mkaa maalumu unaonyonya dawa. Ardhi yote hunyunyiziwa, bromu hufa, na mbegu iliyo ndani ya kidonge huota salama. Njia nyingine ni miche. Tangu mwaka 2014 wafungwa wa gereza la Snake River, Oregon, wamekuwa wakiotesha artemisia kwenye vitalu na kujifunza ikolojia ya nyika, na mpango huo umeenea katika magereza ya majimbo mengine. Mche una nafasi nzuri kuliko mbegu, ingawa gharama yake haiwezi kufunika maelfu ya hekta. Hivyo hupandwa kwa visiwa: vikundi vya miche vilivyotawanywa ili vikikomaa vimwage mbegu kuzunguka.

## Waanzie wapi?

Kwa miaka mingi fedha zilikimbilia mahali palipoharibika zaidi. Ni tabia ya kibinadamu, na katika nyika hii imekuwa kosa la gharama kubwa. Leo wapangaji wengi wanaanza upande wa pili: kulinda kwanza nyika iliyo nzima, kisha kuipanua polepole kuelekea nje. Kabla ya kutuma wafanyakazi, huuliza maswali haya:

- Udongo ni wa baridi na unyevu, au wa joto na ukavu? Wa kwanza hujirudia wenyewe baada ya pigo. Wa pili mara nyingi haujirudii.
- Nyasi za kudumu zimebaki kiasi gani? Zikiwapo za kutosha, kuondoa miti au bromu kunatosha. Zikiwa zimekwisha, kuondoa peke yake ni kumwandalia mvamizi shamba.
- Miti iko hatua ya ngapi? Ya kwanza hukatwa kwa siku chache na kwa gharama ndogo, vichaka vikiwa bado hai.
- Eneo limepakana na nini? Mteremko mzuri uliozungukwa na bromu unahitaji mikanda ya kuzuia moto kabla ya kitu kingine.

Maswali haya yana ukatili wake, kwa sababu yapo maeneo ambayo jibu lake ni kuyaacha yalivyo kwa sasa. Mfugaji ambaye ardhi yake imeangukia upande huo wa ramani ana haki ya kuumia.

## Ndege wa upande wa pili

Kuna pingamizi lisilostahili kupuuzwa. Nevada na Utah, ndugu wengine wa mtarakwa huishi pamoja na misonobari mifupi inayozaa mbegu za kuliwa. Kwa Wapaiute, Washoshone na Wawasho mbegu hizo zilikuwa akiba ya chakula cha baridi, na familia bado huzivuna. Misitu hiyo haiko yote katika kundi la wavamizi. Mingi imekuwapo muda wote. Katika miaka ya 1950 na 1960, matingatinga yaliyounganishwa mawili mawili kwa mnyororo wa nanga yaliing'oa bila kuchagua, lengo likiwa malisho. Kumbukumbu hiyo haijafutika, na anayesikia leo kwamba serikali inakata miti kwa ajili ya kwale ana sababu ya kuuliza mara ya pili.

Misonobari hiyo ina ndege wake, wa jamii ya kunguru na rangi ya buluu, anayezika mbegu ardhini na hivyo kuupanda msitu upya. Idadi yake imeporomoka tangu miaka ya 1960, na mwaka 2022 serikali iliombwa imlinde kisheria. Tatizo ni kwamba anapenda zaidi ukingo ambapo miti hukutana na vichaka, na ukingo huo ndio ambao mpango wa kwale huupelekea msumeno kwanza.

Kwa hiyo ramani ya kwale peke yake haitoshi tena. Wanaofanya kazi hii kwa makini huweka ya pili juu yake, inayoonyesha makundi ya ndege wa buluu yanakolala na kutaga. Huwashirikisha wazee wa makabila kabla ya kuweka alama kwenye miti. Na huacha sehemu za ukingo bila kuguswa hata pale ambapo kuzikata kungeongeza hekta za kwale katika ripoti ya mwaka.